Vumbi la Dodoma, barafu ya Oulu: nifunge baiskeli kwa kufuli gani?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Ipagala, kazi yangu iko mjini karibu na Nyerere Square, na huwa naenda kwa baiskeli. Mwezi wa tatu niliibiwa baiskeli pale Majengo. Niliifunga kwa lile kufuli la waya lenye plastiki ya bluu, nikaingia dukani kununua sukari na unga, nikatoka nikakuta waya uko chini umekatwa. Sasa nimenunua nyingine, mtumba wa Kijapani wenye kikapu mbele. Ina kikufuli chake kwenye tairi la nyuma lakini kinagoma. Halafu mwezi wa nane naenda kusoma Oulu, Finland, miaka miwili, na naambiwa kule watu wanapanda baiskeli hata kwenye theluji. Je, nitafute kufuli moja la maana nitumie hapa kisha nisafiri nalo, au ninunue mawili? Na ni kweli chuma hupasuka kwa baridi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Oulu tutafika, usiwe na shaka. Baridi ya kule naijua kiasi, maana nilikaa misimu miwili ya baridi Umeå, Uswidi, ng'ambo ya ghuba ile ile ya Bothnia, nikifanya kazi kwenye karakana ya baiskeli. Lakini acha nianzie kwenye ule waya wa bluu.

Ukiuchuna plastiki yake utakuta ndani nyuzi za chuma zilizosokotwa, nyingi zikiwa nyembamba kuliko spoki. Unene uliokutia moyo dukani ulikuwa plastiki. Plaizi ya fundi umeme inazitafuna nyuzi chache chache, na mkasi wa nondo unamaliza kwa mkupuo mmoja. Nimewakatia wateja wengi waliopoteza funguo. Kazi huisha kabla hatujamaliza kusalimiana, ingawa salamu zetu Wagogo unazijua, zinaanzia "mbukwenyi" zikaishia kwenye habari za ng'ombe. Kwa hiyo usiufikirie tena waya kama kufuli. Una kazi moja tu, kushikilia tairi la mbele au kiti wakati kufuli lenyewe limeshika fremu.

Sasa mfikirie mwizi kabla ya kufikiria kufuli. Kwa makufuli yaliyovunjwa ninayoletewa, mwizi wa baiskeli hapa mjini ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayepita, akaiona baiskeli haikufungwa au imefungwa tairi peke yake, akaipanda au akaibeba begani. Wa pili ana plaizi mfukoni, pengine na mkasi wa nondo kwenye mfuko wa sandarusi, na anahitaji nusu dakika ya watu kutazama kwingine. Wa tatu, mwenye grenda, hapa bado simwoni barabarani. Grenda zipo, kila fundi wa kuchomelea anayo, ila inapiga kelele na kumwaga cheche, na mtu hawezi kuiwasha mbele ya maduka ya Majengo saa nane mchana wenye maduka wakamwangalia tu. Kwenye miji mikubwa ya Ulaya ndiyo imekuwa tatizo, kwa sababu grenda za betri zimekuwa ndogo kiasi cha kuingia kwenye begi la shule, na kufuli la chuma cha kawaida, hata liwe nene, haliikawizi. Watengenezaji wamejibu kwa makufuli kama Hiplok D1000 na Litelok X1, yaliyovishwa malighafi inayolimaliza jiwe la grenda kabla halijafika ndani. Ni kazi nzuri, nawavulia kofia, lakini bei ya moja inakutosha kununua baiskeli yako na chenji ikabaki. Hayo si yako.

Kinachokufaa ni kufuli la U, lile lenye upinde wa chuma na kipande cha kufungia kinachoziba mdomo wake. Ukitaka kujua unene, tumia kipimo unachokijua kwenye ujenzi. U nene kama nondo ya milimita 10 iache. U nene kama nondo ya 12, ikifika 13 au 14, inakutosha Dodoma. Kumbuka tu kwamba nondo yenyewe ni chuma laini na mkasi unaila, wakati U nzuri imekomazwa kwenye moto, ndiyo maana mkasi mfupi wa kubebeka unaiteleza au unavunjika meno. Kuna mikasi mirefu inayozidi mita moja ambayo inaweza kuibana ya 13 ikaikata, na ndiyo sababu huko Ulaya wenye baiskeli za bei kubwa hupanda hadi 16 na kuendelea, ambako mikono ya binadamu kwa kawaida inashindwa. Lakini kila milimita ni uzito, na kufuli zito lina ugonjwa wake: baada ya wiki mbili utaliacha nyumbani. Nimewaona watu wenye minyororo ya kilo tatu na ushee ikiwa imetundikwa ukutani sebuleni, na baiskeli nje imefungwa kwa kipande cha waya.

Mnyororo nao unafaa, ila sokoni kwetu hapo ndipo pana uongo mwingi. Minyororo mingi huuzwa imevalishwa soksi ya kitambaa, na soksi ni nene kuliko kilichomo. Usiikubali kwa macho. Ibane kwa vidole viwili, isukume soksi nyuma mpaka pete ya chuma itoke, uipime kwa ile ile nondo ya kichwani mwako. Kisha toa tupa. Mimi huwa naingia dukani na tupa ndogo ya pembetatu, na wauzaji wa hapa Dodoma wameshanizoea, mmoja akiniona anasema kabisa, "Fundi, leo usinikwaruzie." Unasugua mara moja mahali pasipoonekana, kwenye pete ya mwisho. Kwanza itatoka rangi, isikudanganye. Sugua tena hapo hapo. Tupa ikiuma na kuacha unga mng'avu, chuma ni laini, hata msumeno wa mkono utakikata. Tupa ikiteleza kama inapita kwenye kioo, chuma kimekomaa. Sekunde kumi tu, na zinakueleza kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Jaribio hilo hilo lifanye kwenye U.

Kuhusu maandishi ya kwenye boksi, yale ya "usalama 8 kati ya 10" kila kiwanda kinajipa chenyewe, hivyo 8 ya huyu hailingani na 8 ya yule. Alama zenye uzito ni za wapimaji wasiouza makufuli, kama Sold Secure wa Uingereza, wenye ngazi za shaba, fedha, dhahabu na almasi, au ART wa Uholanzi wanaotumia nyota. Hapa kwetu utaziona mara chache, na kuchapisha nyota kwenye karatasi ni kazi ya kila mwenye printa, kwa hiyo iamini tupa.

Sasa njoo kwenye ufunguo, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo Dodoma na Oulu zinapokutana.

Nina kopo la Blue Band pale karakana, limejaa funguo zilizosahauliwa. Mwaka juzi alikuja kijana wa chuo na kufuli jipya la bei poa, ufunguo umepotelea kwenye daladala. Kabla ya kuchukua mkasi nikajaribu funguo za kopo, kwa utani tu. Wa tatu ukafungua. Kijana alicheka, mimi sikucheka. Makufuli ya rahisi hutengenezwa kwa mikato michache ya funguo inayojirudia, na wewe ukinunua moja hujui ni watu wangapi mjini wana ufunguo wako. Muuzaji akiwa na boksi zima, mwombe ujaribu ufunguo wa kufuli moja kwenye jingine. Ukifungua, mshukuru uondoke.

Uepuke pia ule ufunguo wa duara, wenye mdomo kama bomba. Mwaka 2004 huko Marekani ilijulikana kwamba makufuli ya U ya Kryptonite, jina lililoheshimika sana, yaliyokuwa na tundu la duara yanafunguka kwa ganda la kalamu ya Bic ukilisukuma ndani na kulizungusha. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja bure na kuachana na tundu hilo. Lakini mtindo wenyewe haukufa, bado unauzwa kwenye makufuli ya bei ya chini, na kalamu za Bic unajua zinavyopatikana. Makufuli ya namba sina ugomvi nayo kwa kushikilia kofia. Kwa baiskeli hapana: mengi ya rahisi, mwenye vidole vyepesi huyasoma gurudumu moja baada ya jingine kwa kulivuta huku akizungusha.

Tafuta ufunguo wenye shina lililokaa kama nusu duara, na mikato iliyokaa mshazari kwa pembe tofauti tofauti, bila yale meno ya msumeno tuliyozoea. Huo ni dalili ya kufuli la visahani. Ndani yake kuna visahani vilivyopangwa kama sarafu, ufunguo unavizungusha mpaka mapengo yao yakae mstari mmoja, ndipo upau unadumbukia na kufuli linaachia. Kufuli la kawaida lina vipini vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba kama unywele. Punje ya vumbi ikikaa kwenye springi, au tone la maji likiganda hapo, basi. Kwenye visahani springi hizo hazipo. Na aliyevumbua utaratibu huu, mwaka 1907, alikuwa fundi wa Finland, Emil Henriksson, na kutokana naye ndiyo makufuli ya Abloy. Mtu wa nchi ya barafu alitengeneza kitu ambacho kinamfaa hata mtu wa nchi ya vumbi. Leo hata watengenezaji wengine wa makufuli mazuri ya baiskeli wanautumia.

Namna ya kufunga sasa. Nimeona U nzuri imefungwa tairi la mbele peke yake, na mwenyewe akarudi akakuta tairi na kufuli vimemsubiri, baiskeli imeondoka. Kanuni ni fremu kwanza, tairi la nyuma pili, na vyote viwe vimeshikana na kitu kisichong'oka. Tairi la nyuma lina bei kuliko la mbele kwa sababu ya gia na breki zake, na kulitoa lazima uhangaike na cheni.

Kuna mbinu aliyoieneza Sheldon Brown, fundi maarufu wa Massachusetts aliyefariki 2008, ya kutumia U ndogo. Unaipitisha kwenye ringi ya nyuma pale ringi inapopita ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, kisha kwenye nguzo. Fremu yenyewe hukuigusa, lakini tairi haliwezi kutoka kwa sababu ringi imenaswa ndani ya pembetatu. Kwa hiyo U moja imeshika tairi na fremu. Ili aondoke lazima aikate ringi, na ringi yenye tairi lenye upepo huubana msumeno kadiri anavyokata. Akifanikiwa amejiharibia alichokuja kuiba. Kwenye baiskeli yako ya Kijapani madigadi na keria vitakubana nafasi. Jaribu ukiwa nyumbani, usiende kujaribia sokoni watu wanakutazama. Ikishindikana, pitisha U kwenye bomba la kiti la fremu pamoja na ringi. U ndogo ina faida nyingine: haiachi nafasi ya mtu kuingiza bomba au jeki akaipanua. Nafasi tupu ndani ya U ni ya mwizi.

Na nguzo? Hapa ndipo Dodoma inaposumbua, maana vyuma vya kufungia baiskeli bado ni vichache. Uzio wa wavu usiuamini, unakatwa kuliko hata waya wa bluu. Mwarobaini mchanga usifungie, utauumiza mti na panga linautosha. Nguzo ya alama ya barabarani itikise kwanza, halafu tazama juu: kama ni fupi na kibao ni kidogo, watu wawili wanainyanyua baiskeli na kufuli lake wanaipitisha kileleni. Grili la dirisha la benki au la ofisi ni zuri kuliko vyote, na huwa lina mlinzi. Msalimie huyo mlinzi kila siku, umjue jina, ajue baiskeli ni yako. Pale Majengo tafuta mama anayeuza karibu na duka unaloingia, umwambie, "Mama, naomba nitazamie baiskeli, narudi sasa hivi," hata kama umefunga vizuri. Ukirudi ununue fungu moja la nyanya. Mimi nafanya hivyo miaka yote.

Usiku iingize ndani. Ikikosa nafasi, mwombe mwenye nyumba umwite fundi azike pete ya nondo ya 16 kwenye zege la kibarazani, ncha zake zikiwa zimepindwa chini ili isivutike. Na leo leo igeuze baiskeli, tazama chini pale pedali zinapopitia, utakuta namba ya fremu imegongwa kwenye chuma. Ipige picha. Bila namba hiyo, RB utakayopewa polisi itasema "baiskeli nyekundu yenye kikapu", na baiskeli nyekundu zenye kikapu Dodoma sijui utazihesabu hadi lini.

Kile kikufuli cha duara kwenye tairi la nyuma usikitoe. Kazi yake ni kumnyima riziki mwizi wa kwanza, yule wa kupanda na kuondoka. Ukiingia dukani kwa dakika moja na jicho likiwa mlangoni, kinatosha. Kwa zaidi ya hapo kinakuwa msaidizi wa U, na mwizi atakayekuja na silaha ya kimoja atakuwa hana ya kingine. Kugoma kwake nadhani nakujua bila kukiona. Mtu alikitia mafuta ya kupikia, au grisi, au mafuta ya cherehani, kikafunguka vizuri siku tatu. Kisha vumbi letu hili laini, linalokaa hewani kuanzia Juni upepo ukianza, likashika kwenye mafuta na kugeuka tope. Ukiendelea kutia mafuta unakoroga tope lile lile.

Kisafishe hivi. Pulizia WD-40 au hata petroli kidogo kwa sirinji, ukiwa nje mbali na moto, ingiza ufunguo na kuutoa mara nyingi, ufute kila mara, mpaka utoke bila weusi. WD-40 inaosha na kufukuza maji, si kilainishi cha kukaa, watu wengi hapo wanakosea. Acha kikauke kabisa, siku nzima juani. Kisha chukua penseli laini, 2B ikipatikana, uchonge risasi yake iwe unga, upake ufunguo kama unapaka unga wa chaki, uuingize mara kumi. Risasi ya penseli ina grafiti, inateleza ikiwa kavu na haishiki vumbi kama mafuta. Usichanganye grafiti na mafuta, utarudi kwenye tope. Kama kufuli lako la U litakuja na maelekezo ya mtengenezaji yanayotaka kilainishi fulani, fuata hayo, maana makufuli ya visahani mengine hutaka mafuta mepesi. Na unapoendesha, ufunguo wa kikufuli cha Kijapani kwa kawaida hubaki kwenye tundu kikiwa wazi. Uache hapo, unaziba vumbi.

Haya, Oulu. Ulichoambiwa ni kweli, kule baiskeli haiwekwi stoo majira ya baridi. Mji huo umejulikana kwa jambo hilo kiasi kwamba kongamano la kwanza la kimataifa la uendeshaji baiskeli wakati wa baridi lilifanyika pale mwaka 2013. Njia zao husafishwa, theluji inayobaki hushindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Januari kipimajoto kushuka chini ya −20 si jambo la kusimulia.

Kuhusu chuma kupasuka, aliyekuambia hakutunga. Chuma kikipoa sana kinapungua uvumilivu, kinavunjika badala ya kupinda. Wamarekani walilipia somo hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli zao za Liberty zilipopata nyufa kwenye bahari za baridi, nyingine zikakatika vipande viwili. Ila kwa kufuli lako hofu hiyo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Upinde wa U nzuri utaumaliza msimu wa baridi bila kujua kuna baridi. Kinachovunjika ni makufuli ya bei rahisi ambayo mwili wake umemiminwa kwa zinki, ukiligonga kwa nyundo kwenye −20 linameguka kama udongo. Na kabla ya hilo itapasuka plastiki inayofunika waya na tundu, maji yataingia, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kule kufuli halikusumbui kwa kuvunjwa na mwizi kabla halijakusumbua kwa kukataa kukufungulia wewe.

Nikusimulie la kwangu. Msimu wa kwanza Umeå nilienda na kichupa changu cha mafuta ya cherehani kutoka nyumbani, nikaweka kwenye kufuli kama nilivyozoea. Asubuhi moja ya Januari, kwenye −24, ufunguo uliingia ukageuka robo ukasimama. Mafuta yalikuwa yameganda kama asali ya zamani. Nikafanya ambalo kila Mtanzania angefanya: nikainama nikapulizia pumzi ya moto kwenye tundu. Pumzi ni mvuke wa maji. Ufunguo ambao ulikuwa unagoma sasa ukawa umegandia ndani, na glavu zangu nilikuwa nimevua. Nilisimama pale kama dakika ishirini nikihama mguu hadi mguu, mpaka mwenzangu mmoja wa karakana akapita, akatoa kichupa kidogo chenye spiriti ndani, akadondosha matone matatu, akasubiri, akafungua kwa vidole viwili. Hakuniambia kitu. Alinipa kile kichupa.

Kwa hiyo kichupa cha dawa ya kuyeyusha barafu kwenye makufuli kinunue wiki ya kwanza, na kikae mfukoni mwa koti. Kukiacha kwenye mkoba uliofungiwa kwenye baiskeli ni sawa na kutokuwa nacho. Maji ya moto usimwage kamwe, yatafungua sasa na kuganda mara mbili baadaye. Sanitaiza ya jeli ina spiriti lakini inaacha gundi. Ufunguo ukiwa wa chuma kitupu unaweza kuupasha kwa kiberiti ukiwa umevaa glavu, ukauingiza taratibu. Usiulazimishe kuzunguka. Ufunguo uliokatikia ndani nimeutoa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na unahitaji vikoleo, mwanga na chumba chenye joto.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni hili: usiingize kufuli ndani ya nyumba kisha ulitoe likiwa na unyevu. Chuma baridi kikiingia kwenye chumba chenye joto kinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, nje na ndani ya tundu. Ukitoka nalo asubuhi, jasho hilo linaganda. Liache nje na baiskeli, au likiingia likae mpaka likauke kabisa juu ya kipasha joto. Ukifunga, tundu litazame chini, na kufuli lisiguse ardhi, maana theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku utalichimbua kwa kisigino. Kabla ya kusukuma pete ya kikufuli cha nyuma, kung'uta theluji iliyojaa kwenye njia yake.

Kama swali lako ni moja au mawili, nunua mawili. Hapa nunua U ya 13 au 14 yenye ufunguo wa visahani. Ukikosa visahani, nunua yenye ufunguo mzuri wa bapa na kifuniko cha tundu. Usisafiri nayo. Kilo moja na nusu ya begi lako ibebe unga wa ugali wa uwele, Machi utanikumbuka. Ukifika Oulu utakuta baiskeli nyingi za kule nazo zina kikufuli cha nyuma cha duara kama chako. Chagua chenye tundu la pili pembeni ambamo unachomeka mnyororo au waya, ufunguo mmoja unafungua vyote, na kwenye −20 kila ufunguo unaopungua ni baraka, kwa sababu kila ufunguo unakuvua glavu. Kwa mwanafunzi mwenye baiskeli ya mtumba hicho na mnyororo wake vinatosha. Ukikata bima ya vitu vya nyumbani, soma sehemu ya baiskeli kabla ya kununua kufuli: bima za nchi zile mara nyingi hudai kufuli la aina iliyoidhinishwa, na utaombwa risiti.

U ya hapa mwachie atakayebaki na baiskeli. Ufunguo wa akiba usikae kwenye pete moja na ule wa kila siku, upeleke kwa mama yako. Na kabla ya safari pitia karakana na baiskeli yenyewe, tukioshe hicho kikufuli pamoja ujionee tope linavyotoka. Njoo na penseli. Ya kwangu imebaki kipande cha kushika kwa kucha.